Namna ya kumpima dereva wa gari ya shamba

Kila anayepanda gari ya shamba, yaani daladala ya kutoka mjini kwenda vijijini hapa Zanzibar, ana dereva anayemwamini na mwengine asiyetaka hata kumsikia. Ukiuliza sababu utaambiwa, "yule mkali", au "yule kijana mtaratibu, hata salamu yake nzuri". Mimi nami nilikuwa hivyo kwa miaka. Halafu wazazi wa mtaani kwetu wakaniomba niziangalie gari mbili wanazopanda watoto wao kwenda skuli, kwa kuwa mimi hupanda kila siku. Nikaanza kuhesabu. Yule mkali, aliyegombana na nusu ya abiria, alitoka msafi kuliko wote. Yule wa salamu nzuri alishika simu mara saba katika safari moja, na gari inakwenda.

Kazi ile ndiyo iliyozaa mwongozo huu. Unaweza kumfaa mzazi, kamati ya shehia, au mwenye gari anayetaka kujua mali yake inaendeshwaje akiwa amelala. Mifano mingi nitaitoa njia ya Makunduchi, ile ya daladala namba 310, kwa sababu ndiyo ninayoijua kila tuta. Wa Nungwi, wa Chwaka, na wa Chake kwenda Mkoani wabadilishe majina ya vituo tu.

Hatua ya 1: Jua makosa hayafanani

Mwaka 1990 mwanasaikolojia James Reason na wenzake wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, walichapisha utafiti wa madereva walioulizwa maswali kuhusu wanayoyafanya wenyewe barabarani. Majibu yalionyesha kwamba kukosea ni jambo moja na kukiuka sheria kwa makusudi ni jambo jengine kabisa. Dodoso lile bado linatumika nchi nyingi, na mgawanyo wake mimi nimeuchukua kwa lugha yetu hivi: kuna kupitiwa, kuna kukosea, na kuna kukusudia.

Dereva anayesahau kuzima indiketa baada ya kukata kona amepitiwa. Anayedhani ana nafasi ya kuipita lori, kumbe gari ya mbele iko karibu kuliko alivyoona, amekosea. Anayeona mstari usiokatika, anaona kona, anajua, na bado anatoka, huyo amekusudia.

Mgawanyo huu usiudharau, maana ndio utakaokwambia ufanye nini mwishoni. Aliyepitiwa mara nyingi kwa siku pengine hajalala. Aliyekosea anahitaji kufundishwa, labda gari yenyewe ni mpya kwake. Anayekusudia anajua kuendesha vizuri sana, pengine kuliko wewe na mimi. Huyo mafunzo hayamsaidii kitu. Tafuta kinachomsukuma.

Hatua ya 2: Andika maana kabla ya kupanda

Kunja karatasi moja. Usiandike "mzuri", "wa wastani", "mbaya", kwa sababu maneno hayo yatafuata hali yako ya siku ile, na kama ulichelewa nyumbani dereva wa polepole atakuwa mbaya. Andika vitendo vinavyohesabika, na pembeni ya kila kimoja andika maana yake. Yetu ilikuwa na sita:

Simu: mkono umeshika simu na gari inatembea. Kuzungumza kwa spika bila kushika tuliandika pembeni.
Kuondoka mapema: gari imeanza kusogea na abiria ana mguu mmoja chini.
Kupita pabaya: amepita gari nyengine kwenye kona, kilimani, kwenye kivuko, au mbele ya skuli.
Kubana: amekaa nyuma ya chombo cha mbele kwa muda usiofika sekunde mbili.
Kusimama pabaya: ameshusha au kupakia katikati ya barabara, au kwenye kona.
Kuchuana: anashindana na daladala nyengine kuwahi abiria.

Mwendo tuliupa mstari wake, nitaueleza chini. Vitu sita vinatosha. Mwenzangu mmoja alikuja na orodha ya vitu ishirini na tatu, tukafika Tunguu bado anatafuta pa kuweka alama.

Hatua ya 3: Itazame gari ikiwa imesimama

Hii ni ya dakika tatu tu, pale stendi. Mipira ina kashata au imekuwa kipara? Taa za breki zinawaka? (Ngoja gari irudishwe nyuma na breki ikanyagwe, utaziona.) Mlango unafungwa na nani, na kwa nini, kwa kamba? Juu kuna nini? Mzigo mzito darini, magunia ya mkaa na matenga, huifanya gari iyumbe kwenye kona ambayo siku nyengine huipita bila tatizo. Ukiona dereva mwenyewe anazunguka gari kabla ya kuondoka, hata kama anaipiga teke mipira tu, muandikie. Ni wachache wanaofanya.

Ubovu wa gari usiuchanganye na hesabu ya dereva. Mara nyingi gari si yake.

Hatua ya 4: Kaa pasipokuonyesha

Kiti cha mbele kando ya dereva kina raha zake lakini kwa kazi hii hakifai. Ukikaa pale na kalamu mkononi utampima dereva anayejua anapimwa, na huyo ni mtu mwengine. Kwa kipanya au Coaster, kaa safu ya pili au ya tatu upande wa kushoto. Dereva yuko kulia, kwa hiyo kutoka pale unaona mikono yake, kioo cha ndani, na barabara ya mbele.

Karatasi usiitoe kila mara. Mimi huhesabu kwa komwe za bao. Naziweka mfuko wa kulia, kila tendo moja komwe moja inahamia mfuko wa kushoto, na gari ikisimama kituo kikubwa ndipo naandika. Ukitaka kuhesabu vitu viwili pamoja, changanya na kokwa za tende. Jirani yako atadhani unatafuta nauli.

Kwa zile gari za mbao zenye mabenchi ya kutazamana, mambo ni tofauti. Umekaa nyuma, dereva yuko kwenye kichwa chake huko mbele, humwoni. Huko hesabu yanayofika mwilini: breki za ghafla zinazowarundika watu upande mmoja, kuondoka mapema, kusimama pabaya. Simu huwezi kuijua. Mtu wa pili akae mbele kama abiria wa kawaida, bila karatasi.

Hatua ya 5: Njiani

Hapa ndipo kazi ilipo, na usikimbilie mwendo kwanza. Anza na vituo. Kutoka Mwanakwerekwe hadi unapoacha nyumba nyingi, gari husimama mara kwa mara, na hapo ndipo wanapoumia akina mama wenye watoto na wazee. Angalia dereva anatazama nini kabla ya kuondoka: kioo, au utingo? Wengi huondoka kwa sauti ya utingo tu. Utingo anapiga bati, gari inakwenda. Basi hapo unawapima watu wawili, na kosa la kuondoka mapema mara nyingi ni la yule aliyepiga bati akiwa anatazama abiria wa kituo cha mbele badala ya bibi anayepanda. Andika "U" pembeni ya alama kama ni la utingo.

Nafasi ya mbele. Chagua kitu kilichosimama, mnazi au nguzo ya umeme. Chombo cha mbele kikikipita, anza kuhesabu kwa mwendo wa kawaida: "elfu moja na moja, elfu moja na mbili". Gari yenu ikifika pale kabla hujamaliza, amebana. Mvua ikinyesha hesabu hadi nne. Usisahau kwamba chombo cha mbele kwetu mara nyingi ni vespa au baiskeli yenye mzigo wa majani, na mwendesha baiskeli hana taa ya breki ya kumwonya mtu.

Mwendo. Programu ya ramani kwenye simu inaweza kukuonyesha kilomita kwa saa; iweke pajani, isome kila baada ya dakika tano na vilevile kila unapopita kibao cha mwendo, uandike. Kama huna, tumia saa na masafa unayoyajua. Gari inayokwenda 60 kwa saa inamaliza kilomita moja kwa dakika moja. Kwa 80 inaimaliza kwa sekunde 45. Kumbuka pia kwamba gari ikitoka 60 ikafika 80, nafasi inayohitaji kusimama baada ya breki kukanyagwa haiongezeki kwa theluthi, inaongezeka kwa karibu mara 1.8, kwa kuwa nguvu ya mwendo hukua kwa mraba wake. Na hayo yote abiria anayanunua kwa faida gani? Kipande cha kilomita 20 ukienda 60 ni dakika 20, ukienda 80 ni dakika 15. Dakika tano, ambazo utingo atazitumia zote kubishana chenji kwenye kituo kinachofuata.

Simu. Kwa 60 kwa saa gari inakwenda karibu mita 17 kwa sekunde. Kutazama nani amepiga ni kama sekunde tatu, yaani mita 50 bila macho barabarani. Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu ana uwezekano wa kupata ajali kama mara nne ya asiyetumia. Kwa hiyo mstari wa simu mimi nauhesabia uzito kuliko ule wa honi na matusi, ambao watu hupenda sana kuulalamikia. Matusi yanaudhi, lakini hayajapindua gari.

Matuta. Kila njia ina pahala pake pa kumjulia dereva, na kwa wa kusini ni kwenye msitu wa Jozani. Matuta manne yaliwekwa barabarani kwa ajili ya kima punju waliokuwa wakigongwa: kabla yake alikadiriwa kufa kima mmoja kila wiki mbili au tatu, baadaye ikawa mmoja kila wiki sita. Hiyo peke yake ni hoja nzuri kwa anayesema matuta hayana maana. Lakini kwako wewe mpimaji Jozani ni mizani. Dereva anayepunguza mapema, akapita tuta bila kukurusha, kisha akaendelea na mwendo ule ule wa upole mpaka tuta la pili, huyo anaendesha kwa kuifikiria barabara. Anayefunga breki juu ya tuta, halafu akakanyaga mafuta kwa hasira hadi la pili, anaendesha kwa kuyafikiria matuta. Ukitoka hapo kuelekea Kitogani njia inanyooka, na utaona kila mmoja anafanya nini na uhuru wake.

Mbele ya skuli angalia jambo moja tu: mguu umeachia mafuta kabla ya kuona mtoto, au baada?

Hatua ya 6: Usihukumu kwa safari moja

Safari moja inakuonyesha siku moja. Mpime dereva mmoja si chini ya mara kumi, na usichague saa unazozipenda wewe. Chukua asubuhi ya wanafunzi, mchana, na jioni. Chukua siku ya mvua ya masika kama imeangukia. Ukilinganisha madereva wawili, linganisha njia ile ile. Wa Bububu anasimama vituo vingi katika kilomita chache, na alama zake haziwezi kuwekwa kando ya za mtu wa Makunduchi. Kama huna budi kuzilinganisha, zigawe kwa saa za safari.

Wawe watu wawili, wapande pamoja safari mbili za mwanzo bila kuzungumza, kisha walinganishe karatasi. Mmoja akiwa na "kubana" tisa na mwengine mbili, kosa si la dereva bali la maana mliyoandika. Sisi tuligundua mwenzangu alikuwa anahesabu hata gari inaposimama foleni. Tukarekebisha, tukaanza upya, zile safari mbili tukazitupa.

Mwezi wa Ramadhani upimeni peke yake. Kati ya alasiri na magharibi dereva ana njaa, ana kiu, pengine amelala saa tatu tangu daku, na abiria wote nyuma wanataka kuwahi futari. Alama za saa ile zilizidi za wiki nzima ya kabla, kwa dereva yule yule. Ukizichanganya na nyengine utamdhulumu, na ukiziacha utawadhulumu abiria. Siku za Sikukuu na siku ya Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, gari zote zinapoelekea Makunduchi zimejaa hadi mlangoni, nazo ziwekeni kando vivyo hivyo.

Lakini kama katika safari ya kwanza tu umeona dereva anasinzia au ananuka pombe, achana na karatasi. Shuka, waambie wenzako washuke, piga 112.

Hatua ya 7: Kaa naye kwenye kahawa

Karatasi inakwambia anafanya nini, haikwambii kwa nini. Mtafute dereva pahali pasipo stendi, barazani, siku gari iko gereji. Msalimie vizuri, muulize hali ya watoto, mwache anywe kahawa yake. Kisha muulize mambo manne. Aliamka saa ngapi na atamaliza saa ngapi? Hula wapi na lini? Gari anaiendesha yeye siku zote au kuna deiwaka anayempokea? Na hesabu ya tajiri, yaani mwenye gari, ni kiasi gani?

Hilo la mwisho ndilo lililonifungua macho. Gari nyingi huendeshwa kwa hesabu: tajiri anataka kiasi chake kila jioni, mafuta ni juu ya dereva, na kinachobaki ndicho anachogawana na utingo. Siku abiria ni wachache, kinachobaki ni sifuri, au ni deni. Tuliporudi kwenye karatasi tukaangalia saa, alama za kuchuana na za kupita pabaya zilikuwa zimejazana mchana baada ya saa nane, wakati dereva ameshajua kwamba hesabu haijatimia. Asubuhi mtu yule yule alikuwa malaika. Sasa huyo anakusudia, ndiyo, lakini ukimfukuza na kumweka mwengine kwenye gari ile ile, ifikapo saa nane utakuwa na dereva yule yule mwenye jina jengine.

Utingo naye mwulize, peke yake. Matingo wanajua kila kitu na hakuna anayewauliza.

Hatua ya 8: Sema, na ujue unamwambia nani

Kwanza ndani ya gari. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, James Habyarimana na William Jack, walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya Kenya. Walichukua matatu zaidi ya 1,000 za safari ndefu, zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, wakabandika ndani maneno ya kuwahimiza abiria wamseme dereva anayeendesha ovyo. Madai ya bima kwa gari hizo yalishuka kwa nusu hadi thuluthi mbili, kutoka kiasi cha asilimia 10 kwa mwaka. Karatasi ya kubandika tu, na watu kupata ujasiri wa kufungua mdomo.

Kwetu kusema kuna adabu yake. Ukipiga kelele "unatuua wewe!" gari nzima itanyamaza na dereva ataongeza mwendo kukuonyesha. Bibi mmoja niliyepanda naye mara nyingi ana njia yake: "Mwanangu, taratibu, mie nina presha." Sijui kama anayo kweli. Ninachojua ni kwamba mguu wa dereva hushuka. Mwanamme akisema, aseme kwa watoto: "Sheikh, tuna wanafunzi humu." Na wa pili aitikie haraka, asimwache mwenzake peke yake hewani.

Kisha tajiri. Mpelekee karatasi, si hadithi: safari kumi, tarehe, saa, alama. Mwenye gari husikiliza anapoona breki za ghafla 40 kwa wiki, kwa sababu breki na mipira ananunua yeye. Hapo ndipo pa kuzungumzia hesabu. Tajiri mmoja wa gari tulizozipima alikubali kupunguza hesabu ya siku za mvua na kuwapa siku moja ya mapumziko. Mwengine alituambia tukanunue gari yetu.

Kwa huyo wa pili tulikwenda kwa sheha, kisha kwa askari wa usalama barabarani. Ukienda huko, andika namba ya gari kamili kuanzia ile herufi Z, pahali, saa na tendo lililoonekana kwa macho, kwa mfano: "Amepita lori kwenye kona ya pili baada ya njia panda, saa nane na robo mchana, wanafunzi wamesimama ndani." Sentensi kama "anaendesha kihuni" haimpi askari pa kuanzia. Video usiirushe kwenye makundi ya simu kabla ya hapo. Dereva atajulikana kisiwa kizima na ugomvi utakuwa kati yake na wewe, huku hesabu ya tajiri imebaki pale pale.

Baada ya miezi mitatu pimeni tena. Karatasi iwe ile ile na maana ziwe zile zile, hata kama katikati mmegundua maneno mazuri zaidi, vinginevyo hamtajua kilichobadilika ni dereva au ni nyinyi. Badilisheni wapimaji tu. Mimi safari hii komwe nimemwachia binti wa jirani anayesoma Tunguu, maana madereva wa njia yangu wameshanijua, na nikipanda sasa utingo hupiga bati mara mbili halafu hunitazama.